Nilivyochagua programu ya kuhariri picha hapa Kigoma: ya bure au ya kulipia?

Wanaoanza kuhariri picha huniuliza waanze na GIMP ya bure au Photoshop ya kulipia. Mimi huwauliza kwanza wana kompyuta gani na kazi ipi itawaletea wateja, maana hayo mawili ndiyo yaliyoniamulia. Photoshop ya sasa inataka RAM (kumbukumbu ya kazi ya kompyuta) ya GB 8 kwa uchache, na Adobe, watengenezaji wake, wanashauri 16. Laptopu ya mtumba yenye GB 4 itaganda ovyo. GIMP inakwenda kwenye GB 4, mradi usifungue tabu lukuki za intaneti pembeni.

Kazi niliyoipimia programu zote mbili ni passport size, kwa sababu ndiyo inayoleta watu studio kila siku. Kwenye GIMP inafanyika hivi. Chukua kifaa cha Crop, kifunge kwenye uwiano wa 35:45, kata picha. Nenda Image, Scale Image, weka pikseli 413 kwa 531 na rezolusheni ya pikseli 300 kwa inchi. Hapo una milimita 35 kwa 45 kamili. Kisha Canvas Size: fungua kwanza ule mnyororo mdogo unaofunga upana na urefu, andika 450 kwa 600, bonyeza Center. Hakikisha rangi ya nyuma ni nyeupe, halafu Image, Flatten Image. Mwisho Filters, Map, Tile: fungua tena mnyororo, andika 1800 kwa 1200. Picha nane zinajipanga zenyewe kwenye karatasi ya inchi 4 kwa 6, zikiwa na nafasi nyeupe ya kupitisha mkasi. Huo mnyororo ndio unaowaangusha wengi: usipoufungua, namba ya pili inajibadilisha na mpangilio wote unaharibika.

Baada ya hapo usitumie Save kwa faili la kuprinti. Save ya GIMP inatoa faili la XCF, aina ya faili ya GIMP yenyewe, na mashine ya studio hailisomi. Tumia Export As, andika jina linaloishia na .jpg, ubora 95. XCF nayo itunze, kwa sababu JPEG ukiifungua na kuihifadhi tena na tena inazidi kuchakaa. Printa ikiwa imewekwa kuprinti bila ukingo, inavuta picha kidogo ili ijaze karatasi, na upana wa kila picha unazidi milimita 35. Pima kwa rula karatasi ya kwanza kabla hujaprinti za wateja wengine.

Kwa kazi hiyo sikuona sababu ya kulipa. Tofauti inakuja kwenye kubadilisha rangi ya nyuma. Mteja mwenye nywele za kusuka au mtandio mwepesi, Select Subject ya Photoshop inamtenga kwa kubofya mara moja, nawe unabaki kusafisha kingo. GIMP ina Foreground Select, lakini inadai mkono mtulivu, na ukiharakisha unaacha utepe wa rangi ya zamani kuzunguka kichwa. Mimi naushinda ugumu huo kwa kitambaa: natundika cha rangi inayotakiwa, kisicho na mikunjo, na mteja anakaa mita moja na nusu mbele yake ili kivuli kisimfuate.

Picha za ufukweni mwa Ziwa Tanganyika zina tabu yake. Kibirizi au Ujiji, jioni jua liko upande wa ziwa. Mtu akisimama maji yakiwa nyuma yake, uso unakuwa giza. Colors, Shadows-Highlights ya GIMP inauinua uso bila kuyachoma maji. Uinue kiasi, rangi ya ngozi ya mtu ibaki yake, na picha ya simu ukiivuta sana inatoa chenga. Kamera yako ikipiga RAW, yaani picha ghafi isiyobanwa kuwa JPEG, programu ya darktable inaisafisha vizuri, nayo ni bure.

Halafu kuna umeme. Photoshop huhifadhi kumbukumbu ya uokoaji kila baada ya dakika 10 bila kuambiwa. GIMP haifanyi hivyo; umeme ukikatika na betri ya laptopu imekufa, kazi imekwenda. Zoeza vidole Ctrl+S kila unapomaliza hatua.

Bando nalo tulihesabu. Photopea, programu nyingine ya kuhariri picha, inafanya kazi ndani ya kivinjari, inafungua faili za PSD (za Photoshop) za wateja vizuri kuliko GIMP, na picha yako haipandishwi popote, hivyo faili kubwa halili bando. Ila ukifunga tabu kabla ya kuhifadhi, umepoteza.

Photoshop kwa mpango wa mwaka ni takriban dola 23 kwa mwezi kwa bei ya Marekani, yaani zaidi ya shilingi 50,000. Kama karatasi moja ya passport unaitoza 5,000, hizo ni oda zaidi ya kumi kabla hujagusa karatasi na wino. Soma masharti pia: ukivunja mpango wa mwaka baada ya siku 14 za mwanzo, unadaiwa nusu ya malipo ya miezi iliyobaki. Zile Photoshop zilizokrakiwa, yaani zilizovunjwa kufuli ili zitumike bila kulipia, zinazozunguka kwenye flashi naziogopa kwa dhati, kwa kuwa virusi vinavyokuja nazo vinaweza kufunga picha zote za harusi za wateja.

Kinachonifanya nilipe ni kazi ya kiwanda cha uchapaji, mfano kalenda au kitabu, inayotakiwa kwa CMYK, yaani mfumo wa rangi nne za wino wa uchapaji. GIMP 3.0 inaonyesha jinsi rangi zitakavyotoka na inaweza kutoa faili la CMYK, lakini kazi yenyewe bado unaifanya kwenye RGB, mfumo wa rangi za skrini. Bluu ya ziwa na kijani kikali ndizo zinazofifia kwanza kwenye karatasi, na nataka nizirekebishe nikiziona. Oda kama hiyo ikiwa ya mara moja, chukua mpango wa mwezi mmoja mmoja: kwa mwezi ni ghali zaidi, lakini unausitisha kazi ikiisha, na gharama yake unaiweka kwenye bei unayompa mteja tangu mwanzo.