Usiku Nilioacha Kumficha Mungu Hasira Yangu

Shamba langu la uwele huku Mpunguzi lilipokauka mwezi wa Februari, kwa kuwa sisi wa Dodoma tuna msimu mmoja tu wa mvua na ikikatika katikati hatuna nyingine ya kutegemea, niliendelea kusimama kwenye ibada za nyumbani na kushuhudia kwamba moyo wangu una amani. Haukuwa nayo hata kidogo. Nilikuwa nimemkasirikia Mungu, na nilidhani kulikiri hilo ni kukosa imani (mke wangu alijua, lakini alininyamazia).

Usiku mmoja nilisoma Marko 9:24, habari za yule baba aliyemwambia Yesu kwamba anaamini na papo hapo akaomba asaidiwe kutokuamini kwake, nikaona kwamba hakukemewa wala kufukuzwa, bali mwanawe aliponywa. Nikapiga magoti kando ya ghala tupu, nikasema bila maneno ya kupamba kwamba nina hofu, nina hasira, na sijui watoto watakula nini.

Mvua haikurudi. Jumapili iliyofuata, nilipoulizwa hali kanisani, nilijibu ukweli, na mzee mmoja wa kanisa akalia pamoja nami.