Jinsi nilivyopunguza kilo 11 nikiwa retreti (nimestaafu kazi), hapa Bukavu, Kongo

Nilifundisha miaka 34, kila siku kupanda na kushuka milima kwa miguu, sasa nilivyoingia retreti nikawa wa kukaa tu kwa kiti karibu na jiko, asubuhi chai ya sukari na mandazi, saa nne muhogo, saa saba bugali, jioni bugali tena, usiku karanga nikisikiliza redio. Kilo 92! Kufunga tu kamba za viatu nahema.

Mtoto wangu akaniambia baba, funga masaa 16, kula ndani ya masaa 8. Nikaanza vibaya, nashinda njaa mpaka jioni halafu namaliza bugali ya watu wawili, kilo palepale na kichwa kinauma. Na mimi nakunywa dawa ya presha, basi nikaenda kwanza kwa munganga (daktari), akasema sawa ila maji mengi, na mwenye kutumia insulini asijaribu peke yake, sukari inaweza kushuka vibaya.

Sasa nakula saa tano mpaka saa moja jioni. Asubuhi chai kavu, bila sukari, hiyo ndo ilinitesa, wiki mbili nilikuwa mkali kwa kila mtu, muulize mke wangu. Bugali kama ngumi moja, sombe (majani ya muhogo), maharagwe, sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, maana mzee akikonda bila protini misuli ndo inaisha. Jioni natembea mpaka Nyawera.

Miezi saba, kilo 81. Mukaba wa suruali nimeutoboa matundu mawili mapya na musumari.