Nyuzi za besi kwa taarab yetu, na pedali zinazostahili pesa

Ukipiga gitaa la besi kwenye taarab ya Unguja, umekaa kwenye kiti kilichokuwa na mwenyewe. Katika vikundi vikubwa kama Ikhwani Safaa, kilichoanza mwaka 1905, na Culture Musical Club, kiti hicho ni cha dabalbesi, lile fidla kubwa linalopigwa kwa kusimama. Kwenye kidumbak, taarab ndogo ya ngoma, ni cha sanduku, lile sanduku la mbao lenye fimbo na uzi mmoja, ambao mpigaji huukaza na kuulegeza kwa kuivuta fimbo. Vyote viwili vina tabia moja: sauti inapiga, inajaa, halafu inakufa upesi na kumwachia nafasi mwenye dumbak, yaani mpiga ngoma. Mimi nachagua nyuzi, pedali (vile visanduku vya kukanyaga vinavyotengeneza sauti) na vyombo vyangu vyote kwa kuifuata sauti hiyo. Vijana wengi wanaoniandikia, wa hapa mjini na wa Pemba, huanza kwa kuuliza pedali. Nawaomba tuanze na nyuzi.

Nyuzi zinazokuja na besi nyingi mpya ni zile zilizozungushiwa waya wa duara juu ya waya wa katikati. Ukipitisha kucha unasikia makwaruzo. Sauti yake ni kali na inang'aa, na noti hudumu muda mrefu. Zilishika soko katikati ya miaka ya 1960, pale kampuni ya Rotosound ya Uingereza ilipozitengeneza pamoja na John Entwistle, mpiga besi wa kundi la The Who, aliyetaka besi yake isikike kama piano. Kwa muziki wa hotelini, pale Nungwi au Paje, ambapo jioni moja unapiga rege, fanki na Bongo Fleva, nyuzi hizi ni sawa kabisa. Nina besi moja yenye nyuzi hizi kwa kazi hizo.

Kwenye taarab hali inabadilika. Fidla, akodiani na ganuni zote ziko juu, zinang'aa na zinapambana kwa nafasi ile ile. Besi ikija nayo na mng'ao wake, sauti ya mwimbaji inafunikwa, na mashairi ndiyo watu waliyoyafuata. Hapa nyuzi bapa ndizo zenyewe. Hizi zimezungushiwa utepe wa chuma uliobanwa ukawa bapa, kidole kinateleza bila mlio, na sauti ni nene yenye mwisho mfupi. James Jamerson, aliyepiga besi kwenye rekodi za kampuni ya Motown kule Detroit, alitumia nyuzi bapa za La Bella, zile nene khasa, unene wa inchi .052 hadi .110, na alikuwa hazibadilishi mpaka zikatike. Msikilize kwa makini utaona kwamba ule uzito mwingi ni wa nyuzi kuukuu na kidole chake kimoja.

Kuna aina ya tatu ambayo sijaiona kwa wengi hapa kwetu: nyuzi za chuma zilizovishwa utepe wa nailoni, mara nyingi mweusi. Ndizo zinazoikaribia zaidi dabalbesi. Ila huwa nene kuliko za kawaida, kwa hiyo mifereji pale nyuzi zinapopita kabla ya kufika kwenye vigingi huenda ikahitaji kupanuliwa. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye tupa ndogo na mkono mtulivu. Ukipanua kupita kiasi, uzi unagusa freti ya kwanza na besi nzima inalia vibaya.

Kabla hujanunua chochote, jaribu sifongo. Kata kipande cha sifongo la godoro, kikae chini ya nyuzi karibu kabisa na daraja, kizibane kidogo tu. Besi za Fender za zamani zilitoka kiwandani na kitu kama hicho, kimefichwa ndani ya kifuniko cha daraja. Ami yangu, aliyepiga dabalbesi ujanani, alikuwa akinisikiliza mazoezini na kuuliza, "Mbona sauti yako haiishi?" Siku nilipoweka sifongo alinyamaza, akaanza kupiga makofi ya rumba. Kipande kile hakikunigharimu hata shilingi.

Sasa hewa yetu. Chumvi ya bahari na unyevu wa masika havimwonei huruma mtu. Nyuzi za duara zilizopakwa nikeli zina chuma ndani, na jasho la mkono likikaa katikati ya mizunguko, ukiongeza chumvi ya hewani, zinaanza kupoteza sauti kabla hata hujaona kutu. Nyuzi bapa zinastahimili zaidi, kwa sababu uso wake hauna mianya mingi ya kuhifadhi uchafu, na nyingi utepe wake ni wa chuma kisichoshika kutu. Seti yake hugharimu karibu mara mbili ya ile ya duara. Lakini itakaa miaka, wakati ile ya duara kwa mtu anayepiga kila wiki pwani inachoka baada ya miezi michache. Kwa mfuko wa msanii wa hapa, nyuzi bapa ndizo rahisi.

Baada ya kila shughuli mimi hufuta kila uzi, juu na chini, kwa kipande cha kanga kuukuu. Pamba iliyofuliwa mara nyingi inanyonya jasho vizuri kuliko kitambaa chochote cha dukani. Ndani ya begi naweka vile vifuko vidogo vya chembe za kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Ramadhani ndiyo hatari zaidi, kwa sababu besi inalala mwezi mzima. Itoeni mara moja moja, ifuteni, ishikeni. Siku za Idd zikija, shughuli hufuatana na hakuna muda wa kushughulikia kutu.

Ukibadilisha unene wa nyuzi, shingo nayo itabadilika. Seti ya kawaida ya nyuzi nne, .045 hadi .105, inaivuta shingo kwa zaidi ya kilo 70. Ukiweka nzito zaidi, shingo inapinda mbele na nyuzi zinapanda juu. Masika yenyewe huivimbisha mbao kidogo, ukaona besi iliyokuwa laini mwezi wa Januari imekuwa ngumu Aprili. Fimbo ya chuma iliyo ndani ya shingo hurekebishwa kwa ufunguo wake, robo mzunguko kwa wakati, kisha unasubiri mbao itulie kabla ya kugusa tena. Ukisikia inakataa, acha, mpelekee fundi.

Haya, pedali.

Ya kwanza ni ya kutyuni. Vile vibanio vya kutyuni vinavyobanwa kwenye kichwa cha besi vinasaidia mazoezini, lakini uzi wa E unatetemeka mara 41 tu kwa sekunde, na jukwaani penye dumbak na spika kubwa kibanio kinachanganyikiwa. Halafu kuna jambo la akodiani. Akodiani haityuniki jukwaani, na nyingi zimetengenezwa noti yake ya A itetemeke mara 442 kwa sekunde badala ya 440. Kundi zima linaifuata hiyo: ganuni, udi, fidla, na wewe pia. Kwa hiyo nunua tyuna inayokubali kubadilishwa kipimo. Boss TU-3, kwa mfano, inakwenda kuanzia 436 hadi 445. Mpigaji aliyejityuni kwenye 440 huku wenzake wako 442 atatumia usiku mzima akidhani mwimbaji ana makosa.

Ya pili ni kisanduku cha DI, cha kuiingiza besi moja kwa moja kwenye mikisa, au priampu (kikuza sauti kidogo) yenye DI ndani yake. Hichi ndicho kifaa ninachokitetea popote. Kwenye harusi za hapa mara nyingi hakuna amplifaya ya besi. Kuna mikisa, spika mbili kubwa, na waya mrefu unaopita chini ya mikeka. Waya wa gitaa ukizidi mita sita hivi unaanza kupoteza ukali wa sauti na kuokota kelele njiani. DI inageuza sauti yako iingie kwenye waya wa maikrofoni wa pini tatu, ambao unakwenda mbali bila kuokota chochote. Ina pia swichi ya kukata ithi (muungano wa ardhi) kwenye waya wa sauti, na hiyo ni dawa ya ule muungurumo unaokuja jenereta likiwashwa au nyaya za jengo zisipokuwa sawa. Hata Ngome Kongwe, wakati wa Sauti za Busara, fundi mitambo atakuomba DI kabla hajakuuliza jina.

Kompresa ni ya tatu, na iwe ya upole. Akinamama wakiinuka kumtunza mwimbaji, kila mtu jukwaani anaongeza nguvu bila kujua, na kompresa inazuia noti zako zisiruke juu ya wengine. Ukiikaza sana inaua mapigo, na sanduku letu lile linapotea.

Okteva, pedali inayoongeza noti ile ile ngazi nzima chini, naipenda, ila kwa taarab ya kisasa, ile ambayo mara nyingi sauti ya chini hupigwa na kinanda. Inakupa unene kama wa kinanda huku mkono ukibaki wa besi. Pigia nyimbo kwenye freti za juu, kwani ukiomba okteva ya chini ya uzi wa E mtupu unapata mitetemo 20 kwa sekunde, na spika za harusini haziwezi kuitoa. Pedali nyingine zote, koras, distoshen, zisubiri.

Umeme wa pedali nao uangaliwe. Nyingi zinataka volti 9, na hasi iko katikati ya plagi. Adapta za mtaani hazifuati hivyo zote, na ukichomeka iliyo kinyume unaweza kuiunguza. Soma alama iliyoandikwa kwenye adapta na kwenye pedali, zifanane. Milliampia za adapta ziwe sawa na zile pedali inazohitaji au zaidi.

Kwa wanaoagiza nyuzi kwa mtu anayekuja na boti kutoka Dar: pima kwanza besi yako, kutoka mfereji wa kichwani hadi darajani. Nyingi ni inchi 34, lakini kuna fupi za inchi 30, na seti hazibadilishani vizuri. Mwambie pakiti iwe imefungwa, mfuko wa ndani usipitishe hewa. Na nyuzi bapa zikifika, usizikate zikiwa zimenyooka. Zikunje kwanza kwa pembe kali pale zitakapoingia kwenye kigingi, ndipo ukate mbele ya kunjo, la sivyo utepe wa nje utaanza kufunguka.