Miaka Minne ya Akiba kwa Ajili ya Peugeot 404

Mjomba wangu aliendesha Peugeot 404 ya aina ya stesheni wagon kati ya Mombo na Lushoto, nami nilikuwa na umri wa miaka saba nilipoanza kuruhusiwa kukaa mbele, katikati yake na abiria mwingine. Hilo liliwezekana kwa sababu gia za gari lile zilikuwa kwenye usukani na kiti cha mbele kilikuwa benchi moja refu lisilo na kitu cha kuzuia miguu. Barabara ile hupanda milima ya Usambara kwa kona zinazofuatana, huku mlima ukiwa upande mmoja na bonde upande wa pili. Ninachokikumbuka kuliko vyote ni mkono wa mjomba ukishusha gia kabla ya kila kona, mapema sana, ili tukiteremka breki zisichoke na tukipanda injini isilemewe. Gari hilo liliuzwa nilipokuwa darasa la sita. Tangu siku hiyo nilijua kwamba nikipata kazi nitatafuta jingine la aina ile, na sikuwahi kuona sababu ya kubadili mawazo.

Sasa ninalo. Ni saluni, yaani gari dogo lenye buti, ya mwaka 1967 yenye injini ya sentimita za ujazo 1,618, na limekaa chini ya turubai uani kwangu hapa Tanga. Ninaandika jinsi nilivyolipata kwa mshahara wa mwalimu wa fizikia wa sekondari, kwa sababu vijana kadhaa wameniuliza bei ya kununua peke yake, na bei ya kununua ndiyo sehemu ndogo ya hesabu yote.

Kwanza niseme kwa nini 404. Umbo lake lilichorwa na Pininfarina wa Italia, na lilipotoka mwaka 1960 lilikuwa na mistari iliyonyooka na mapezi madogo nyuma, umbo ambalo mpaka leo naliona la heshima na lisilo na majivuno. Lakini Afrika Mashariki haikulipenda kwa sura. Ililipenda kwa sababu ya mashindano ya magari ya Safari Rally, ambayo wakati huo yalipita Kenya, Uganda na Tanzania kwa maelfu ya kilomita za vumbi na tope katika siku za Pasaka. Mwaka 1963 na mwaka 1968 njia zilikuwa mbaya kiasi kwamba kila mara magari saba tu ndiyo yaliyomaliza, na mara zote mbili lililotangulia lilikuwa 404 ya Nick Nowicki na Paddy Cliff. Kati ya miaka hiyo, mwaka 1966 na 1967, mshindi alikuwa Bert Shankland wa hapa kwetu Tanzania pamoja na Chris Rothwell, nao pia walikuwa ndani ya 404. Mjomba aliyataja majina hayo kama watu wengine wanavyotaja wachezaji wa Simba na Yanga.

Nilianza kuweka akiba Januari 2016. Kila mwezi shilingi 150,000 zilikatwa kwenye mshahara na kwenda moja kwa moja SACCOS kabla sijazigusa, na kila msimu wa machungwa niliongeza takriban shilingi 600,000 kutoka kwenye shamba la familia Muheza. Tulikubaliana mambo mawili na mke wangu tangu mwanzo. La kwanza ni kwamba ada za watoto hutangulia, na mwezi wowote ambao ada imebana, akiba ya gari husubiri na kufidiwa mwezi unaofuata. La pili ni kwamba sitakopa. SACCOS yetu ingenikopesha mara tatu ya akiba yangu, na mwaka wa pili tu ningekuwa na fedha za kununua gari nililolitaka. Lakini mkopo hurejeshwa kila mwezi iwe mvua liwe jua, na gari la kujenga upya haliingizi hata senti moja kwa miaka kadhaa. Ningekuwa nalipa deni bila kubaki na fedha ya kununua hata debe la rangi, na gari lingeoza likinitazama. Nimeyaona magari mengi ya namna hiyo katika gereji za Tanga na Korogwe: yamevuliwa milango na injini, mwenye nayo amemaliza fedha zote siku ya kununua.

Kwa hiyo nilijiwekea kanuni kwamba bei ya gari isizidi nusu ya akiba yote. Desemba 2019 nilikuwa na shilingi 9,600,000 kwa hesabu ya daftari, lakini SACCOS zilikuwamo 9,200,000. Tofauti ya 400,000 niliipoteza mwaka 2018 kwa mtu aliyenionyesha 404 nzuri, akapokea malipo ya awali, kisha ikabainika kwamba kadi ya gari ilikuwa ya mtu mwingine aliyekwisha kufariki na ambaye warithi wake hawakujua kwamba gari linauzwa. Sikuzipata tena fedha hizo. Iliniuma sana, kwa sababu zilikuwa karibu miezi mitatu ya akiba, na kosa lilikuwa langu la kutoa fedha kabla ya kushika kadi mkononi na kulinganisha namba ya chesisi. Kuagiza kutoka nje halikuwa wazo la kufikiria, kwani gari lenye umri wa zaidi ya miaka kumi hutozwa ushuru wa ziada juu ya ushuru wa kawaida.

Nililipata Dodoma, na sikwenda huko kwa kubahatisha. Hapa Tanga hewa ya bahari ina chumvi na unyevu mwaka mzima, na bati la zamani ambalo halikupakwa kinga ya kisasa huliwa kutoka ndani huku rangi ya nje ikiendelea kung'aa. Dodoma ni nchi kavu. Gari lililoegeshwa pale kwa miaka ishirini huharibika raba, vitambaa na rangi, lakini chuma hubaki. Hili ni jambo kubwa zaidi kwa 404 ya saluni kuliko kwa magari mengi ya kazi, kwa sababu halina fremu ya chini inayojitegemea. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba mzigo wote. Vizingiti vilivyo chini ya milango vikioza, gari linakunjika katikati.

Mwenye gari alikuwa mzee mstaafu, na lilikuwa limekaa chini ya mkwaju nyuma ya nyumba yake. Nilimwamkia, "Shikamoo, mzee," akaitikia, "Marahaba, mwanangu," kisha kabla sijaulizia bei akataka kujua kama ninanunua ili nikaliuze chuma chakavu, maana wanunuzi wa namna hiyo walikuwa wamefika mara nyingi na aliwafukuza wote. Nilimweleza habari za Mombo na Lushoto. Alikwenda ndani akarudi na bahasha yenye kadi na risiti za tangu zamani.

Nilitumia saa tatu kulikagua. Nilipitisha sumaku iliyofungwa kitambaa kila sehemu ya bodi, na pale iliposhindwa kushika nilijua kuna puti, ule udongo wa kujazia mabonde ya bati, chini ya rangi: sehemu mbili ndogo tu, nyuma ya gurudumu la kushoto na pembeni mwa buti. Nililiinua kwa jeki upande mmoja, kisha nikafungua na kufunga milango yote likiwa hewani. Ingekuwa vizingiti vimelegea, milango ingekwama. Ilifunga vizuri. Injini ilikuwa imeganda kabisa, haikuzunguka hata kwa spana ndefu, na hilo ndilo lililoshusha bei hadi shilingi 4,200,000. Nililifurahia. Fundi wa injini unaweza kumpata katika kila mji, na chuma cha injini ya 404 kinasamehe makosa mengi, lakini fundi bodi anayeweza kukata kizingiti kilichooza na kukirudisha katika mstari wake ni mtu adimu na kazi yake ni ghali. Anayenunua gari la zamani linalowaka na kutembea, lenye bodi iliyojazwa puti, amenunua tatizo kubwa kwa bei ya juu.

Usafiri wa lori kupitia Chalinze na Segera ulinigharimu shilingi 900,000. Kazi ya bodi ilichukua mwaka mzima na shilingi 3,800,000: kuondoa rangi yote kwa msasa hadi chuma, kukata bati lililooza kwenye sakafu ya mbele na kuchomelea jipya, kunyoosha boneti, kisha praima. Niliilipa kwa awamu, kila awamu baada ya kuona kazi, na wiki ambazo sikuwa na fedha fundi aliendelea na magari ya wengine bila manung'uniko. Namshukuru kwa hilo.

Injini inastahili maelezo marefu kidogo. Silinda za 404 hazikuchongwa ndani ya bloku kama injini nyingi; ni laina nne, yaani mirija ya chuma ambamo pistoni hucheza, zinazochomolewa, na maji ya kupoza hupita yakigusa laina zenyewe. Zikichakaa, huna haja ya kupeleka bloku kuchongwa. Unang'oa za zamani, unaweka mpya pamoja na pistoni zake, na injini imerudi ujana. Naamini hiyo ni sababu mojawapo iliyofanya magari haya yaishi muda mrefu katika miji isiyo na mashine kubwa. Lakini kuna sharti moja: laina ikishakaa mahali pake lazima ichomoze juu ya uso wa bloku kwa kipimo kidogo sana, cha sehemu za milimita, na zote nne zilingane, ili gasketi ya silinda hedi izikamate sawasawa. Gereji ya kwanza niliyoipelekea haikupima. Tulipoiwasha kwa mara ya kwanza iliunguruma vizuri kwa dakika kumi, kisha nikachomoa kijiti cha oili na kukuta oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Maji yalikuwa yanavuja kwenye oili. Ilibidi kufungua kila kitu, kuagiza gasketi nyingine na kusubiri miezi mitatu, na safari ile nilikaa pembeni mwa fundi mwingine nikiwa na geji ya kupimia mkononi mwangu. Pamoja na hasara hiyo, injini imekula shilingi 2,100,000. Sasa inawaka asubuhi kwa mkupuo mmoja, na nimeacha kabisa kutia maji matupu kwenye rejeta, kwa kuwa hedi ni ya alumini na maji ya bomba huitafuna polepole.

Breki zote nne ni za dramu, kwani diski za mbele zilikuja katika matoleo ya baadaye, na kuzifanyia kazi kumegharimu 850,000. Jumla mpaka leo ni shilingi 11,850,000, na yale makato ya 150,000 hayajakoma hata mwezi mmoja tangu nilinunue.

Mjomba alishuka kutoka Lushoto mwezi uliopita kuliona. Ana umri wa miaka themanini na mbili na miguu yake si ya kutegemewa, lakini alikataa kusaidiwa kuingia. Aliwasha, akasikiliza kwa muda, akaniambia vali moja ya nyuma imekazwa mno na nilegeze kidogo. Nilipopima jioni ile nilikuta amesema kweli.

Kilichobaki ni raba za vioo, ambazo nimeziulizia Gerezani, Dar es Salaam, na Nairobi na nitalazimika kuziagiza Ufaransa, matairi membamba ya inchi 15, na rangi ya mwisho, nyeupe ya maziwa kama iliyokuwa chini ya tabaka zote tulizoondoa. Raba zitaingia kwanza, kwa sababu masika yanakaribia na sitaki tone la maji liguse sakafu ile mpya.