Kwa nini hawakumpiga sindano?

Mpwa wangu anasoma sheria, na ana tabia ya kurusha video kwenye grupu la ukoo halafu anakaa pembeni kutazama watu wazima wakigombana. Safari hii karusha ile ya gorila wa Cincinnati, Marekani, kisha akanitaja mimi kwa jina: "Shangazi, wewe uliyekuwa unalaza nyati kwa sindano, hebu tueleze. Kwa nini walimuua wakati dawa ya usingizi ipo?"

Kweli, nilikuwa msaidizi wa madaktari wa wanyamapori huku kaskazini mpaka nilipostaafu. Sasa nafuga kuku Usa River. Kuandika maelezo marefu kwenye simu ni mateso, kwa hiyo namjibu hapa.

Kwa waliosahau: ilikuwa Jumamosi, tarehe 28 Mei 2016. Mtoto wa miaka 3 aliupenya uzio wa wageni katika bustani ya wanyama, akaporomoka kama mita 4 na nusu hadi kwenye handaki lenye maji ya kina kifupi. Ndani walikuwamo gorila watatu. Walezi waliwaita, majike wawili wakatii wakaingia ndani. Dume hakuitika. Huyo ndiye Harambe, kilo zipatazo 200, ametimiza miaka 17 jana yake tu. Alishuka kwa mtoto, akakaa naye dakika kama 10: mara amsimamishe vizuri, mara amshike mguu na kumkokota majini kwa kasi. Kikosi cha dharura cha bustani kilimpiga risasi moja. Wakati huo mtoto alikuwa katikati ya miguu yake. Mtoto akapona.

Sasa sindano. Watu wengi wameijua kwenye filamu, ambako mnyama anachomwa, anapepesuka, analala. Njoo uone nyati mwenye waya wa mtego shingoni akipigwa sindano. Kwanza anaruka, maana ile sindano inauma. Imerushwa na bunduki, si na muuguzi wa kliniki. Halafu anakimbia. Sisi tunamfuata kwa gari, mmoja wetu kazi yake ni kutazama saa tu. Dakika tano, nane, kumi. Kama alikuwa ameshakimbizwa na ana hasira, dawa inachelewa zaidi. Kama dozi ilikisiwa chini, anabaki kalewa nusu, na hakuna mnyama wa kuogopwa kama aliyelewa nusu. Dawa tuliyotumia kwa wanyama wakubwa inaitwa etofini. Tone lake likiingia kwenye kidonda cha mtu linaweza kumuua, ndiyo maana daktari hafungui chupa kabla dawa ya kuizimua haijawa tayari pembeni.

Gorila hupewa dawa nyingine, za jamii ya ketamini. Saa inabaki ileile. Jaribu kuiona picha: dume la kilo 200 limeshika mtoto, juu watu wamejaa wanapiga mayowe, halafu ghafla linachomwa na kitu begani. Katika dakika zile za kusubiri, atamfanyia nini mtoto? Na dawa ikikolea, ataangukia wapi? Pale chini pana maji. Mimi nimeshashuhudia mnyama akiangukia pua kwenye dimbwi la kina cha goti, na watu wanne wazima tulihangaika kumgeuza kichwa asizame. Hapo hapakuwa na mtoto chini yake.

Sindano inafanya kazi vizuri pale ambapo hakuna mtu mkononi mwa mnyama. Oktoba mwaka uleule, dume aitwaye Kumbuka alitoka bandani mwake katika bustani ya London, akaingia kwenye eneo la walezi, akakuta sharubati ambayo haijachanganywa maji akanywa lita 5. Mlezi aliyekuwapo aliondoka salama, milango ikafungwa, wakampiga sindano kwa nafasi zao, akalala, akarudishwa. Magazeti yakacheka. Ni dawa zilezile na ustadi uleule. Kilichokuwapo ni muda.

(Mpwa wangu ataniuliza tu, kwa hiyo niseme: ndiyo, wazungu wanapenda kuwapa hawa gorila majina yetu. Na aina yao inatoka Gabon na Kamerun, ambako Kiswahili si lugha ya watu.)

Najua hoja itakayofuata, kwa sababu binamu zake wameshaitoa: mbona Jambo hakumdhuru yule mtoto? Mbona Binti Jua? Ni kweli. Mwaka 1986, kisiwani Jersey, mvulana wa miaka 5 aliangukia kwa gorila akazimia. Jambo, dume kubwa, alikaa kati yake na wenzake, akampapasa mgongo. Mwaka 1996, huko Brookfield karibu na Chicago, jike Binti Jua alimbeba mtoto wa miaka 3 aliyezimia, huku ana mwanawe mgongoni, akampeleka hadi kwenye mlango wa walezi.

Hadithi nzuri, na mimi nazipenda. Lakini zinapokuja kwenye grupu zinakuwa zimekatwa mkia. Watoto wote wawili walikuwa wamelala kimya. Yule wa Jersey alipozinduka na kulia, Jambo aliondoka na kundi lake. Kisha dume kijana akatoka nje, na watu wa bustani wakalazimika kushuka na fimbo kumzuia ili mtoto atolewe. Binti Jua naye alilelewa na binadamu, akafundishwa kulea kwa kutumia mwanasesere, akazoeshwa kuwaletea walezi mtoto wake. Alifanya alichofundishwa, kwa upole mkubwa. Huwezi kuchukua matukio hayo mawili ukayafanya dhamana ya mtoto wa mwenzako anayeburutwa majini mbele ya macho yako.

Wala simsingizii Harambe ukatili. Dume la gorila likitishika hujitutumua, hukokota matawi, hukimbia huku na huku waliopo wajue mkubwa ni nani. Siku ile alichoshika hakikuwa tawi. Inawezekana kabisa hakuwa na nia mbaya hata chembe, na bado fuvu la mtoto likapasukia kwenye zege. Nimefanya kazi na wanyama miaka mingi, nimelia nao, nimezika baadhi yao. Ningekuwa mimi nimeshika redio siku ile, ningesema piga.

Kinachonikera ni uzio. Uzio ule wa wageni ulikuwa na urefu wa kama sentimita 90. Baada ya tukio ukainuliwa hadi kama sentimita 107 na kufungwa nyavu chini, na wageni wakarudi kabla ya katikati ya Juni. Haikuchukua hata wiki mbili! San Francisco hivyohivyo: siku ya Krismasi ya mwaka 2007, chui milia aitwaye Tatiana alitoka akaua kijana wa miaka 17, polisi wakampiga risasi. Ukuta ulipopimwa ukaonekana na mita 3.8, wakati kimo kilichopendekezwa kilikuwa kama mita 5. Baadaye ukapandishwa hadi karibu mita 5.8. Futi ya kupimia ilikuwapo miaka yote. Sisi watu wa porini tuna kisingizio, Serengeti haina ukuta. Bustani ya wanyama ni ukuta. Ukiondoa ukuta umebaki na mnyama na mtoto.

Halafu kuna hili la mama. Maelfu ya watu walitaka ashtakiwe, mwendesha mashtaka akakataa, na mpwa wangu mwanasheria ameandika "uzembe" kwa herufi kubwa. Mwanangu, wewe mwenyewe ulipokuwa na miaka 3 tulikutafuta stendi ya Moshi mpaka konda akatuletea, na tulikuwa watu wazima watano. Uzio unaomtegemea mama asigeuze shingo ni uzio mbovu.

Swali lako la mwisho, kwamba basi bustani zote zifungwe, ni zito kuliko hili la sindano, na jibu langu halitakufurahisha wewe wala wenye bustani. Njoo Jumapili tubishane vizuri. Na uje na debe la pumba za kuku.