Tochi Yangu na Vikasa wa Juani

Kutoka Nyamisati hadi Kilindoni, kisiwani Mafia, kusi ya Julai ilinitapisha mara tatu, kwa hiyo sehemu hiyo ya safari siisimulii. Kesho yake, Utende, nahodha alitusubirisha mpaka maji yajae ndipo akatuvusha kwa mashua hadi kisiwa kidogo cha Juani. Tukakatiza kijiji na msitu kwa miguu, tukatokea ufukwe wa mashariki, unaotazama bahari kuu.

Kijana aliyetuongoza hulinda viota vya kasa. Alikuwa amehesabu siku: kasa hutaga mayai mia na ushee, akayafukia na kwenda zake, na baada ya miezi miwili hivi watoto hutoka. Tukakaa kimya. Jua lilipokuwa linazama nyuma yetu, mchanga ulititia kidogo, kikachomoza kichwa cheusi kama ncha ya kidole, kisha mapezi mawili, kisha kumi kwa pamoja, wakikanyagana.

"Mwanga wote uko magharibi," nikamwambia, "mbona hawaendi huko?"

Akacheka. "Kaka, lala kifudifudi uone wanachokiona wao."

Nikalala. Kweli! Kutoka usawa wa mchanga, magharibi kulikuwa na ukuta mweusi wa miti tu. Mbele, pale bahari inapokutana na mbingu, ulibaki utepe wa mwanga. Ndio waliokuwa wakiufuata.

Kisha nikafanya ujinga. Nilitaka picha, nikawasha tochi ya simu. Watatu wakageuka papo hapo, wakaiacha bahari iliyokuwa hatua nne mbele yao, wakaja kwenye viatu vyangu.

"Zima!"

Nikazima. Walizungukazunguka, kisha wakaishika tena njia. Pembeni, kaa mmoja alisimama mlangoni mwa shimo lake akingoja. Hoteli zinazomulika taa ufukweni zinamrahisishia kazi huyu.

Wimbi likawachukua. Majini hawahitaji tena ule mwanga: huyakabili mawimbi, maana ndiko kwenye kina. Mbali zaidi huongozwa na usumaku wa dunia, na majike wachache watakaosalimika watarudi kutaga pwani za kwao, miaka 20 baadaye au zaidi.

Kurudi, simu ilikuwa imeisha chaji. Msituni giza totoro, nimeshika shati la yule kijana.

"Unaionaje njia?"

"Siioni. Sikiliza miguu: hapa mchanga, hapa majani makavu. Ukinusa moshi, tumefika kwetu."