Sikio la fundi na pikipiki isiyo na injini

Wiki iliyopita dereva boda mmoja kaja gereji kwa kaka yangu, Mbagala huku, anasukuma pikipiki ya umeme jasho linamtoka, anasema fundi niangalizie, inatetemeka tu haiendi. Kaka kwa mazoea akashika spana, akaizunguka mara mbili. Hakuna plagi, hakuna kabureta, hakuna klachi, hakuna hata oili ya kumwaga, mota yenyewe imo ndani ya ringi la tairi la nyuma.

Aisee iliniuma. Huyu mtu pikipiki ya petroli, Boxer, ikipita barabarani yeye kakaa zake na chai anakwambia hiyo valvu zimelegea, hiyo inakula oili, na ikija kufunguliwa ndo hivohivo. Sikio lile limemchukua miaka 18.

Mi ni fundi simu, banda langu liko ubavuni mwa gereji yake, basi nikatoka na maltimita, kile kipimo cha umeme. Kwenye ile mota zinatoka waya nene tatu za kuvuta na waya nyembamba tano za sensa, vile vidude vya kuonyesha mota imezunguka mpaka wapi. Mbili ni za kulisha sensa umeme, tatu za ishara. Unawasha swichi, unazungusha tairi taratibu kwa mkono, kila waya ya ishara inatakiwa ipande mpaka kama volti 5 irudi sifuri, ipande irudi. Mbili zikacheza vizuri, ya tatu ikaganda. Nikajua sensa imekufa, nikaanza kumwambia dereva habari ya kununua nyingine, kaka akanizuia. Akamuuliza, ulibadilisha tairi lini? Juzi. Akainama pale waya zinapoingilia kwenye ekseli, akaivuta moja kwa kucha, imebanwa na nati mpaka imekatika kwa ndani. Mi nisingeangalia pale kabisa! Nikalehemu, ikaondoka.

Toka siku hiyo nawaza sana hii kitu, maana watu wakiongelea kazi za baadaye wanaongelea maofisi na kompyuta, kumbe huku gereji mambo yameshaanza. Rwanda walitangaza kwamba kuanzia Januari 2025 pikipiki mpya za abiria zinazosajiliwa Kigali ziwe za umeme, Ethiopia wamezuia kuingiza magari ya mafuta toka 2024. Kwetu za petroli bado zitakuwepo miaka mingi, sawa, ila dogo anayeanza leo kushika spana akiwa na miaka 16 atakuwa bado kijana mambo yakigeuka, na hakuna anayemfundisha kupima umeme.

Kinachonitisha zaidi ni betri. Mafundi wetu wamezoea volti 12, unashika tu hata ukiwa na mkono wenye jasho. Hizi za umeme nyingine ni volti 72, yaani seli, vibetri vidogo vya volti 3.6, zimepangwa mistari 20 inayofuatana, spana ikidondokea vibaya pale juu inayeyuka na moto unawaka. Hiyo huwezi kujifunza kwa kukosea kama tulivyojifunza kabureta.

Alafu kampuni nazo zibadilike. Tulipiga simu sehemu moja kuomba mchoro wa waya tu, tukaambiwa pikipiki irudishwe kwao. Sasa dereva ana hesabu ya bosi jioni, asukume mpaka huko mjini? Watoe michoro jamani, wawafundishe mafundi wa mtaani. VETA, wale wa mafunzo ya ufundi stadi, wana ule utaratibu wa kumpima fundi aliyejifunzia kazini na kumpa cheti, mi natamani huko wawaongezee na masomo ya mota na betri, jioni baada ya kazi, kwa Kiswahili, fundi akae na kitu chenyewe mezani.

Kaka hakusubiri. Kanunua mita yake Kariakoo, akifunga gereji anakuja bandani ananiuliza maswali mpaka nachoka mimi. Jana kapima betri ya Boxer ya mteja, ikasoma 12.6, kaniita niache simu ya watu niende nikaone.